Baba, Mjakaranda Si Mnazi

Baba,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali. Yako siiulizi, hiyo nimemwachia Mungu. Nitakupa ya kwetu. Sauda mjukuu wako mzima, amerefuka, viatu vyote vinambana. Kiswahili anakisikia vizuri ila hunijibu kwa Kizulu. Akiona mzee mwenye kofia ya sufu kama yako anauliza, "Uphi umkhulu?" Babu yuko wapi. Namwambia babu amepumzika. Anasema basi twende tukamwamshe.

Mimi bado nasuka nywele kule Newtown. Baba yake Sauda yuko Durban, hupiga simu akikumbuka. Ni Jumapili jioni, mtoto kalala, na viganja vyangu vina malengelenge hata kalamu inanisumbua. Si kwa kusuka. Leo nimekata mti, Baba.

Usishtuke. Nisikilize kwanza.

Unaukumbuka mjakaranda wa hapa uani kwa Gogo, mwenye nyumba wetu, hapa Bertrams. Ulikuwa ukikaa chini yake unanipa mguu nikutoe vibanzi kwa sindano, nyayo ngumu kama tairi, huku ukinisimulia minazi ya Pangani. Matawi yake sasa yamelala juu ya bati la chumba chetu, pale pale kinapokaa kitanda cha Sauda. Mvua za mawe zinakaribia. Mwaka jana, wiki chache baada ya kukuzika, tawi moja lilidondoka uani. Mwaka huu nikasema sitangoja.

Lakini kila nilipoutazama ule mti nilikuona wewe. Ulikuwa mkwezi hasa, Baba, hakuna atakayeniambia vingine. Kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni, pekupeku, bismillahi, umefika juu. Watu wa nyumba za kitajiri walikuwa wanatoka nje kukutazama, wanakupigia makofi. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe. Niliposema uvae kofia ngumu ulicheka: "Mnazi haujawahi kunidondosha." Kweli haukuwahi. Mnazi hauna matawi ya kukanyaga. Na kuti likifa linajisema lenyewe, linakauka linaning'inia, mtu wa kwetu hata akiwa chini analiona. Huku Joburg baridi inapoisha mjakaranda unapukutisha majani yote. Tawi lililolala na tawi lililokufa yanafanana. Ukakanyaga lililokufa, ukadondoka.

Nimelifikiria hilo mwaka mzima. Hukufa kwa uzembe. Ulifuata elimu ya mti mwingine.

Basi Jumanne nilitoka kazini mapema nikaenda Doornfontein, kwenye duka la vifaa. Muuzaji ni Mkongomani wa Lubumbashi, Papa Ilunga. Nilichukua msumeno wa kwanza niliouona, akaninyang'anya. "Ile iko ya mbao, mama. Muti mubichi utaikamata." Akanipa uliopinda kama mundu, wenye meno makubwa, unaokata ukivuta kuja kwako. Kisha akanionyesha ndugu yake, msumeno kama huo uliofungwa kwenye mpini unaorefuka, unafyatua kipande baada ya kipande mpaka unafika juu ya bati wewe umesimama ardhini. Hapo moyo wangu ukatulia. Nikachukua na mkasi mkubwa wa kukatia vitawi.

Glavu nilitaka zile nene kabisa, nikidhani unene ndio usalama. Papa Ilunga akanivalisha, akaniambia nishike mpini nivute. Ukateleza. Nikachukua zinazonikaa. Kofia vilevile, ile ya mafundi wa ujenzi haina mkanda wa kidevuni, na mkata matawi anatazama juu saa zote, ikimdondoka nyuma haina faida. Nilichukua yenye mkanda. Miwani pia, maana vumbi la msumeno linakuja machoni moja kwa moja, nawe ukishafumba macho hujui tawi linaangukia wapi.

Kulikuwa na mkanda wa kujifunga wa wapanda miti, una vyuma na kamba. Niliushika muda mrefu, Baba. Nilikuwa nakuona wewe ndani yake. Halafu nikaurudisha. Bila mtu wa kukufundisha ule ni kamba tu, utakupa ujasiri usio wako. Nikajiambia mti nitaukata hadi mkono na mpini vinapofika, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Vinapoishia, na mimi naishia hapo.

Leo asubuhi Baba Mdogo Shomari akaja. Nilimwomba anisaidie kuvuta matawi. Yeye akaja na lile panga lako alilorithi siku tulipoanua tanga, na kitanzi cha miguu shingoni. Alipoiona kofia yangu mezani akauliza, "Mwanangu, hiki ni chungu au nini?" Akavua viatu. Akasema ndugu yake alikuwa mkwezi, baba yao mkwezi, haitasemwa kuwa mti wa uani umekatwa na mwanamke kwa fimbo. Nikamwonyesha waya wa umeme unaopita karibu na tawi kuu. Akasema umeme umekatika tangu alfajiri, zamu yetu ya mgao, waya umekufa. Nikasema umeme ukirudi haupigi hodi.

Hakunisikia. Alikuwa keshaupiga ule mti makofi mawili, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaenda nikasimama mbele ya shina, mgongo wangu kwenye gome. Unajua sijawahi kumjibu mkubwa. Sauti ilinitoka ndogo.

"Baba Mdogo, nakuheshimu. Lakini huu hupandi."

"Nilianza kukwea mama yako hajaolewa. Leo nizuiwe na wewe niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba mimi," nikamwambia, "ukambeba na Baba kwenye jeneza. Wewe nani atakubeba?"

Alishusha panga. Nikarefusha ule mpini mpaka kwenye tawi alilokuwa analitaka, lile nene, ambalo ungelikanyaga hata wewe. Nikalikwangua. Gome likamwagika kavu, ndani kahawia tupu. Nikasogeza nikakwangua la jirani yake. Kijani, bichi, linang'aa. Kwa macho matawi yale yalikuwa mapacha. Baba Mdogo alitazama juu, akatazama nyayo zake. Akakaa kwenye kreti akavaa viatu, taratibu, kamba moja moja. Nilijua anakuona wewe.

Halafu akasema, "Lete hicho chungu."

Basi tukafanya kazi. Gogo alimshika Sauda ndani, mlango umefungwa. Tulianza na matawi membamba, tukashuka kwa yale ya kadiri. Papa Ilunga alikuwa ameniambia nikate kidogo kwa chini kwanza ndipo nije juu, la sivyo tawi likianguka linaondoka na ngozi ya mti. La kwanza nilisahau, likachana gome kama kitambaa. Baba Mdogo akasema pole yako fundi. Hayo mengine yalikatika safi, karibu na shina lakini nikiuacha ule uvimbe tawi linapotokea, maana hapo ndipo mti hujifunika kidonda wenyewe. Tulikuwa tunabadilishana kofia na miwani, asiyevaa anasimama mbali ukutani. Na panga lako halikudharauliwa. Alikaa nalo chini akikata vitawi vilivyoanguka, akaimba.

Lile tawi kuu karibu na waya, linalopita juu ya bati letu, hatukuligusa. Ni kubwa kuliko sisi. Gogo alitaka nijaribu tu kidogo, akasema eish, mbona mmeshaweza mengine. Nikamwambia hapana, hilo ni la watu wenye gari la ngazi, wanaojua kuongea na watu wa umeme kwanza. Amekubali kuwaita. Mpaka waje, mimi na Sauda tunalala jikoni kwake. Nimekihamisha kitanda mwenyewe. Gogo alinuna kidogo kisha akatupatia blanketi.

Baba, nimechoka mpaka mifupa. Lakini ni uchovu mwingine, si ule wa mwaka mzima uliopita.

Jirani wa nyuma alikuwa anatuchungulia ukutani. Ana mipichi imesongamana, anaomba nikampogolee Jumapili ijayo. Nimemjibu kwamba nitakuja kuitazama kwanza, nikwangue, ndipo nitamwambia ipi ni yangu na ipi si yangu. Baba Mdogo amesema tutakwenda wote. Ameagiza kofia yake mwenyewe, anataka nyekundu.

Sasa nikuache upumzike. Mungu akulaze pema, akutengenezee kivuli kisicho na hofu. Ninakuahidi hili moja, na Sauda ndiye shahidi wangu ingawa amelala. Kazi yako nitaifanya, ila kwa njia yangu, na watu wakipiga makofi sitapanda juu zaidi. Kila nitakapotoka na msumeno, jua halijazama mwanangu atanisikia nikifungua geti.

Mwanao,
Mwanaidi