Shati la Kijani la Emmett

Lexington, Kentucky
9 Mei, 1909

Mpendwa mdogo wangu Lucius,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakufikia huko Moscow ukiwa mzima, na lile goti linalokuuma wakati wa theluji limetulia. Je, unakula? Najua mpanda farasi hali akashiba, lakini dada mkubwa lazima aulize. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama, miguu inamvimba kila jioni na bado hataki kukaa. Anasema akikaa atazoea.

Barua yako ya Februari tuliipata. Nimeisoma mara nne, tatu kwa sauti kwa ajili ya Mama na moja peke yangu. Umesema umechoka na baridi na lugha ya watu, na kwamba kabla mifupa haijagoma unataka kurudi nyumbani upande farasi kwenye mashindano ya Derby mara moja tu ya mwisho. Umeniomba nimuulize Kanali Prewitt kama atakupa farasi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka Derby ya mwaka huu ipite kwanza. Imepita. Nitakusimulia yaliyompata mwanangu Emmett, kisha jibu utalipata humo humo.

Usidhani Derby imekufa. Ingekufa, ningelia siku moja nikanyamaza. Imenenepa! Ile uliyoshinda wewe ilikuwa ya watu wa hapa hapa, wakija na vikapu vya chakula na vumbi kwenye viatu. Siku hizi watu wanatoka New York kwa garimoshi maalumu, mabibi wana kofia pana kama sinia, na magazeti yanaanza kuiandika tangu theluji haijayeyuka. Kila inavyozidi kuheshimiwa, ndivyo watu wetu weusi wanavyozidi kupungua juu ya tandiko. Zamani ukihesabu wapandaji kumi na watano, kumi na watatu ni wetu. Mwaka huu alikuwapo mmoja.

Hata kanisani mambo yamegeuka. Unalikumbuka benchi la mbele, mlilokuwa mkikaa nyie wapandaji na viatu vyenu vya kung'aa, watoto wakigombania kuwashika mikono? Sasa wanakaa wale wanaofanya kazi ya kubeba mizigo kwenye magarimoshi. Ni watu wema, siwasemi. Lakini mla ni mla leo, na jina lako nalisikia likitajwa na wazee tu.

Basi, Emmett. Ulimwacha ana miaka kumi na mitano, sasa ana ishirini na miwili, na mikono yake ni yako kabisa. Tangu Desemba yeye ndiye aliyekuwa akimkimbiza Juniper, farasi wa Kanali, kila alfajiri. Farasi huyo anauma kila mtu. Hali shayiri mpaka Emmett akae karibu na ndoo.

Mwishoni mwa Machi Kanali akaniletea kitambaa cha shati la mashindano, hariri ya kijani na nyeupe ya mikono, bila jina la mtu wala vipimo, kama alivyoniletea miaka yote ishirini. Wewe unajua desturi ya nyumba yetu. Hapa mpanda farasi haambiwi kwa mdomo kwamba amechaguliwa. Kitambaa kinakuja, namwita yule anayemkimbiza farasi alfajiri, asimame karibu na cherehani, namzungushia utepe kifuani, na hapo anajua. Ndivyo ulivyojua wewe, ukaanza kutetemeka mpaka nikakuchoma na pini.

Nikamwita Emmett. Sikumuuliza mtu. Nilimpima mwanangu, nikakata, nikashona, akalivaa na kujiangalia kwenye kioo cha Mama, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Mama, limenikaa sawasawa. Hata nikiinama halivutiki." Mungu anisamehe, nilijivuna. Nilimwambia kila niliyekutana naye. Absalom kinyozi akawa hanioni ila apige kelele kutoka dirishani, "Jamani pisheni njia, mama wa Derby anapita!"

Lucius, lile shati langu ndilo lililomdanganya. Wiki tano alijinyima. Alishusha uzito mpaka ratili mia na kumi na saba kwa kuishi na yai moja na chai, na wiki ya mwisho alikuwa akijifukia kwenye lundo la samadi mpaka shingoni ili jasho limtoke, kama mlivyokuwa mkifanya. Maji alikuwa akisukutua na kutema. Midomo ilimpasuka. Mimi mama yake nilikuwa nikimwangalia na kufurahi.

Alhamisi, siku nne kabla ya mashindano, akaja Bwana Haskell, yule anayewafundisha farasi wa Kanali. Alikuwa na shati mkononi, lile nililokuwa nimelipeleka kwa Kanali. Hakuvua kofia.

"Shangazi," akaniambia, ingawa mimi na yeye umri ni mmoja, "hili shati limembana mpandaji wetu. Hawezi kuinua mkono."

"Emmett hajalalamika," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Emmett? Kanali amemleta mtu kutoka Chicago. Nani alikwambia umpime Emmett?"

"Hakuna aliyeniambia nisimpime."

"Basi mpanulie kwapani," akasema. "Nitalifuata jioni." Mlangoni akageuka. "Na mwambie Emmett asikasirike. Farasi bila yeye hatoki bandani."

Nililishona. Najua utaniuliza kwa nini, hata mimi nimejiuliza. Ningekataa, angelipeleka kwa mshonaji mwingine, na Emmett angenyang'anywa hata zile alfajiri zake na Juniper. Hariri ya kijani ilikuwa imekwisha. Nikafungua sanduku nikatoa kipande kilichobaki kwenye shati lako, lile la mwaka ulioshinda. Nilikuwa nimekihifadhi miaka kumi na miwili bila kujua nakiwekea nini. Rangi yake ilikuwa imekolea kidogo kuliko ya kipya, lakini kwapani nani ataangalia? Nikakata vipande viwili, kimoja kila upande.

Emmett aliingia nikiwa bado nina sindano mkononi. Akaona shati, akaona kiraka. Hakuhitaji kuelezwa.

"La nani?"

"La mzungu wa Chicago."

Akaenda kwenye mtungi. Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, amesimama, maji yakimtiririka shingoni. Akavuta sahani ya biskuti za asubuhi akala zote kavu, moja moja, hadi ya mwisho. Mimi nilikaa pale pale na shati mapajani. Baadaye akasema, "Juniper hapendi kupigwa upande wa kushoto. Mtu amwambie huyo bwana." Akaenda kumwambia yeye mwenyewe.

Tulikwenda Louisville, mimi na Mama, tukasimama upande waliotengewa watu wetu, mbali kule kwenye kona. Emmett ndiye aliyemwongoza Juniper kwa lijamu mpaka uwanjani, amevaa koti lake la kazi. Yule mpandaji wetu mmoja, wazungu walimbana kwenye uzio kona ya kwanza tu, farasi watatu kwa pamoja, mpaka tukasikia buti lake likisaga mbao. Alimaliza wa mwisho. Wasimamizi walisema hawakuona kitu.

Na Juniper alishinda. Nilitamani ashindwe, Lucius, halafu nilipomwona anakuja na shingo yake ile ndefu nikapiga ukelele wa furaha kabla sijajizuia. Mama pia. Yule wa Chicago hakumpiga kushoto hata mara moja. Baada ya mbio, Emmett akiwaongoza kupita kwenye kona yetu, mpandaji akainua mkono kuwasalimu watu, na kiraka kikaonekana, cheusi-cheusi, wazi kabisa. Watu maelfu walikuwa wakishangilia. Wawili tu tuliokijua, mimi kwenye uzio na mwanangu chini akiwa ameshika lijamu.

Nakutumia picha ya gazeti. Utamwona farasi, mpandaji na maua. Ule mkono kwenye lijamu ni wa Emmett, gazeti limemkatia kwenye kiwiko. Wameandika jina la Kanali, la Haskell, la mpandaji, hata la bibi aliyeleta maua. Absalom alipoisoma akasema, "Mwanao ndiye kashinda, Odessa, ila hawajapata nafasi ya kumwambia." Watu wakacheka kinyozini, nami nikacheka, kisha nikaenda nyumbani nikalia. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Jibu lako ndilo hilo, mdogo wangu. Umetaka kupanda Derby mara moja tena. Umeshaipanda, kwenye kwapa la mtu.

Miaka saba nimekuombea urudi. Kila Jumapili, bila kukosa, Mama akiwa shahidi. Sasa nakuomba kwa mkono wangu mwenyewe: usirudi. Kaa na baridi yako. Huko umesema wanakuita kwa jina na kukuvulia kofia, basi kaa huko.

Emmett ataondoka New York kwa meli kuja huko tarehe mbili Juni. Anakuja na tandiko lako la zamani na suruali mbili. Sikumtuma wala sikumzuia. Mpokee stesheni, maana neno la watu wa huko halijui hata moja. Ratili zake zimeongezeka tangu siku ile ya mtungi, usimcheke. Na wakikuletea kitambaa, usimpime mpaka wamtaje jina.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Absalom anakusalimu, na Shemasi Tolliver, na shangazi yetu Philomena ambaye bado anaweka picha yako juu ya jiko. Mungu awafunike nyote wawili huko, kwani mimi huku mikono yangu haifiki.

Ni mimi dada yako akupendaye, nisiyejua Jumapili hii niombe nini,

Odessa