Sanduku la Barafu Nyuma ya Kiti

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kama utacheka basi ucheke kwanza ndipo unijibu, maana mimi mwenyewe ningecheka kama mambo haya yangekuwa ya mwanamume mwingine.

Mimi ni fundi wa friji, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nina kipara na kitambi cha wastani, na juu ya mlango wa karakana yangu pameandikwa kwa rangi ya buluu kwamba hakuna baridi inayonishinda, maneno niliyoyatunga mwenyewe kwa kiburi changu na ambayo siku hizi nikipita chini yake naangalia viatu. Nina mke mmoja, muuguzi, na gari moja la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, ambalo nimelitamani tangu ujana na nililipata uzeeni, na ninalipenda kiasi kwamba naliosha kila Jumapili, nalipaka nta, kisha nalifunika turubai lisipigwe jua wala vumbi, likitoka mara moja kwa mwezi ni sherehe, hadi mke wangu analiita mke mwenzake, akinikuta nalifuta ananiuliza, "Mwenzangu kaamkaje leo?"

Sasa tatizo la gari hili ni AC. Nililinunua ikiwa haifanyi kazi nami sikujali, nikasema mimi huyu, fundi wa baridi, nitashindwa na kajifriji ka garini? Nikajaza gesi, ikapoa vizuri, baada ya wiki tatu gesi imekwisha, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mabomba kutafuta inapovujia, sikuona hata kipovu kimoja, nikabadilisha bomba, nikajaza tena, ikakwisha tena, nikajaza mara ya tatu, na hapo nikaanza kuamini kwamba gesi yangu ina miguu. Mwaka jana tukaenda na gari hilo kwenye harusi ya muuguzi mwenzake, jua la saa nane, viti vya ngozi nyeusi, joto la injini linapanda miguuni, tulipofika wanja wa mke wangu ulikuwa kwenye kidevu, akashuka akaniambia, "Baba watoto, tanuri hili sipandi tena mpaka lipoe."

Mshauri, Ijumaa ya wiki ijayo mke wangu anastaafu. Mwezi uliopita tukiwa mezani aliniambia maneno ambayo hajawahi kuniambia, kwamba kwa miaka thelathini na miwili ametoka kwenye geti lile la hospitali kwa miguu, amechoka, jasho linamtiririka, na siku hiyo moja anataka nimfuate na mke mwenzake, madirisha yamefungwa, nywele zake zimetulia, wenzake wamesimama getini wanamwona akiondoka amepoa. "Siku moja tu," akasema. Na mimi, badala ya kusema nitajaribu, mdomo wangu huu ukasema, "Mbona AC imeshapona?"

Akaruka kwa furaha, akataka tukaijaribu kesho yake. Usiniulize nilivyofikiria. Nilichukua sanduku la plastiki la vifaa, nikalitoboa matundu, nikafunga humo feni mbili nilizozing'oa kwenye friji zilizokufa, nikalijaza chupa za maji yaliyoganda, nikaliweka nyuma ya kiti chake. Tulizunguka mtaa dakika kumi na tano. Alifumba macho, akaegemea, akasema, "Kumbe mikono yako si ya friji tu." Katikati ya safari aliuliza kwa nini kisigino chake kimelowa, nikamwambia AC zote hutoa maji, jambo ambalo ni kweli, ila hutolea nje.

Sasa amewaambia wodi nzima. Amemwambia na kaka yake, na hapo ndipo penye balaa, maana shemeji yangu huyu ni fundi wa AC za magari, na miaka mitatu iliyopita mbele ya ukoo wote nilimwambia kwamba AC ya gari ni friji lililopanda magurudumu na kazi yake naweza kuifanya nikiwa nimefumba macho, naye akanijibu, "Haya shem, siku ukifumba uniite." Juzi kanipigia simu: "Shem, nasikia umefumba na umeweza! Jumapili nakuja unifundishe." Tena siku hiyo ya kustaafu, kutoka hospitali tunakwenda moja kwa moja kwa dada wa mke wangu, mwendo wa saa mbili, na barafu yangu inadumu dakika ishirini na tano nikiiombea. Na jana mke wangu kaniambia siku hiyo nilitoe lile sanduku langu la vifaa, apate pa kuweka zawadi zake, akacheka, akaenda zake jikoni.

Nifanye nini, mshauri? Nitengeneze sanduku kubwa zaidi niliweke chini ya kiti? Nimwambie ukweli nimvunje moyo wiki yake ya mwisho kazini? Au nimfuate shemeji kwa siri nikapige magoti?

Ni mimi,
Fundi Baridi Asiye na Baridi

*

Ndugu Fundi,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, na niseme kabisa kwamba sikucheka peke yangu. Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, na mhariri wa michezo, mtu ambaye hajatabasamu tangu timu yake iteremke daraja, aliomba nirudie pale penye feni. Pia nikiri mapema: mwaka mmoja nilinunua keki dukani, nikaihamishia kwenye sufuria yangu, nikaikwaruza pembeni ionekane imeungua kidogo, nikamkaribisha mama mkwe. Kwa hiyo nakushauri kama mtuhumiwa mwenzako.

Haya, tuanze. Huyo mke wako kwa miaka thelathini na miwili ameangalia matone ya dripu yakishuka moja moja, akijua tone lipi limechelewa. Leo maji ya barafu yamdondokee kisigino robo saa nzima, asijue ni nini? Na tangu lini AC ya gari inampuliza mtu mgongoni? Baba, huyo anajua. Sijui amejua tangu dakika ya ngapi, lakini mtu anayekuambia utoe sanduku kisha anaondoka anacheka, huyo amekufungulia mlango na anakungoja upite. Usiuvunje ukuta wakati mlango uko wazi. Na sanduku kubwa zaidi nisilisikie tena! Unataka siku ya kustaafu ashuke kwa dada yake amelowa mpaka magotini?

Sasa kuhusu gesi yako yenye miguu. Mimi ya magari sijui, langu nikilijaza mafuta najisifu. Lakini jirani na ofisi yetu pana fundi wa AC za magari, nikamweleza habari zako bila kukutaja. Hakuniuliza aina ya gari wala gesi. Aliuliza, "Linatembea?" Nikamwambia linafunikwa turubai, linatoka mara moja kwa mwezi. Akapiga kofi pajani. Akanieleza, nami nakuambia kama nilivyoelewa: mashine ya friji, mota na oili yake vyote vimefungiwa ndani ya chuma kimoja, haina pa kuvujia. Kompresa ya gari, yaani mashine inayosukuma gesi, inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo shingo yake imetokeza nje, na hiyo shingo ina sili, kipete cha mpira cha kuzuia gesi isitoke, ambayo hupata oili kompresa ikizunguka tu. Gari likilala wiki nne, sili inakauka, gesi inatoka polepole hapo shingoni, nyuma ya puli, lile gurudumu linalopitisha mkanda, mahali ambapo brashi yako ya sabuni haikufika kwa sababu kwenye friji mahali hapo hapapo. Umeelewa? Hukushindwa kwa uzembe. Umelitibu gari kama friji, na umelihifadhi kwa mapenzi hadi likakauka koo.

Basi fanya hivi. Leo hii ukimaliza kusoma gazeti, libebe hilo sanduku kwa mikono yako miwili, uliweke mezani mbele ya mke wako, useme, "Mama watoto, AC yenyewe ni hii." Kisha unyamaze. Usieleze feni zilikuwa za nini, usitaje ulikuwa na nia gani. Mwache acheke, na akikukasirikia dakika mbili, zistahimili, ni zake.

Kesho asubuhi, mpeleke huyo mwekundu gereji kwa shemeji yako. Usisubiri Jumapili aje kwako. Aliyetamba ndiye anayetembea. Mwambie, "Shem, nilifumba macho nikajigonga." Atacheka, ataita mafundi wote waje wakuone, huenda akaupigia simu na ukoo mzima. Vumilia. Akimaliza, atabadilisha sili ya shingo, na kichupa cha kukaushia unyevu pia, maana umeufungua mfumo huo mara nyingi kuliko mlango wa kabati. Ukifika wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba na kupima gesi, muombe akuachie wewe. Hiyo kazi mikono yako inaijua, na mke wako atapenda kusikia kwamba baridi yake imetengenezwa na mume na kaka pamoja.

Kama sili ya gari la zamani hivyo haitapatikana kabla ya Ijumaa, mwambie mkeo Alhamisi, si getini. Yeye ndiye achague: madirisha wazi na kitambaa kichwani, au teksi yenye ubaridi na wewe umekaa naye nyuma kama wageni waalikwa. Siku ni yake, si ya gari.

Na likipona, turubai hilo wape watu wenye paa linalovuja. Kila wiki liendeshe, AC imewashwa, hata kama ni kwenda kununua nyanya. Mwenye nafasi ya kukaa kiti cha pili sasa atakuwepo nyumbani kila siku; usiende peke yako.

Ijumaa fika robo saa mapema, uache injini ikiunguruma mpaka ndani papoe kweli. Yeye akitoka, shuka wewe, mfungulie mlango mbele ya wodi nzima. Mkishapita geti, akisema, "Baba watoto, ongeza baridi kidogo," usianze kumweleza habari za kompresa.

Ongeza.