Haikurudi, Baba

Baba,

Nimekasirika, na unajua mimi nikikasirika sijui kunong'ona.

Tangu tukuzike, hapa mtaani Jericho bado wanasema uliponywa ukakosa imani, ndiyo saratani ikarudi. Juzi mama mmoja wa kanisani kaniambia hivyo sokoni, huku anachagua nyanya. Ati pole. Pole gani hiyo?

Haikurudi! Daktari alituambia wazi: ile ya ulimi ilikatwa, ikaisha. Hii ya koo ilikuwa saratani nyingine, imeanza yenyewe. Aliyewahi kuugua ya mdomo anaweza kupata mpya kooni, hata kwenye mapafu, hasa akiwa mtu wa sigara. Ndiyo maana walitaka uendelee kwenda kliniki. Lakini ulikuwa umeshasimama mbele ya kanisa, na ulimi wako uliobaki nusu, ukasema, "Nimepona." Watu wakapiga makofi, Mama akalia. Baada ya hapo nikikukumbusha kliniki unanijibu, "Mwende, nikionekana huko watasema nini?" Hata muthokoi ulipoanza kukukwama, mahindi na maharagwe uliyoyapenda kuliko vyakula vyote, ulimlaumu Mama kwamba haujaiva.

Kinachoniuma ni kwamba ulikufa ukiomba msamaha. Ulitubu shaka ambayo hukuwa nayo. Ulikuwa na uvimbe, Baba. Uvimbe!

Sasa ni mdogo wako, Ankal Kioko. Mlivyokuwa mkigawana sigara moja nje ya mlango, mkidhani Mama haoni! Naye alitolewa saratani ya ufizi, miezi michache baada ya kukuzika. Jumapili hii anatoa ushuhuda, na mbuzi ameshanunuliwa. Lakini sauti yake imekwaruza wiki nyingi sasa, na kliniki hataki hata kuisikia. Ananijibu maneno yako yaleyale, jamani, hadi natamani kupiga mtu.

Nimemwambia ashukuru tu, ale mbuzi wake, sina ubaya. Lakini na mimi nitasimama. Nitasema, Bwana asifiwe, baba yangu alipona ile ya kwanza. Ya pili ilimpata anaona aibu kupimwa, kwa sababu yenu. Wakitaka wanifukuze. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwake Komarock, na hata akinitukana tutaenda.

Pumzika, Baba. Hukumkosea Mungu. Nakuahidi nitamng'ang'ania Kioko kwa meno na kucha, kwa hivyo ndugu yako usimngojee huko.

Mwende wako