Kuku wa Sista Nafula na Kufuli la Kompyuta

Kakamega,
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na wewe, miguu bado inavimba jioni? Mimi mzima, ila mvua ya huku haina adabu. Kila alasiri inapiga mabati mpaka tunazungumza kwa kupigiana kelele.

Uliniuliza kazi yangu kwenye hizi kompyuta hasa ni nini. Ngoja nikuhadithie yaliyotupata.

Katika kliniki ya kifua kikuu, habari za wagonjwa zimo ndani ya kompyuta, zimefungwa na programu inayozigeuza kuwa herufi zisizosomeka. Ili zisomeke, Sista Nafula, muuguzi wetu, huandika sentensi yake ya siri. Lakini programu yenyewe ilikuwa kali kama askari jela. Kila herufi unayoandika inaonekana kama nyota. Ukikosea, inakufokea kwa Kiingereza; ukizidi kukosea, inazima mashine. Foleni zikawa ndefu, Sista akachoka, akawa anaiacha wazi kutwa.

Basi siku moja mwanamume aliyekuwa akingoja dawa akasoma kwenye skrini jina la jirani yake, mama muuza ndizi wa kule Khwisero. Jina lake hata wewe sikutajii. Habari zikaenea, na siku ya soko ndizi zake hazikuguswa. Naye akaacha kuja kuchukua dawa, na ugonjwa huo ukikatiza dawa unarudi na nguvu mpya.

Daktari akawa mkali. "Huyu Sista anasahau maneno yake, mfundishe kuandika," akaniambia. Lakini mimi nilikuwa na swali moja lililonikosesha raha: mtu anayewajua wagonjwa wake wote kwa majina, anasahauje sentensi aliyoitunga mwenyewe?

"Sisahau," Sista akanijibu. "Hiyo mashine ndiyo inanikataanga."

Nikamwomba aiandike kwenye karatasi, kisha tuichome. Akaandika: kuku wangu wanalala jikoni. (Usiogope, ameshaibadilisha.) Nikamwomba aiandike tena. Akaandika: kuku wangu wanarara jikoni.

"Sista, hizi hazifanani."

Akazitazama sana. "Si ni kulala tu? Na kuku ni wale wale!"

Tulicheka mpaka daktari akachungulia. Huku l na r hupokezana vinywani mwa watu, na chini ya zile nyota hakuwahi kuona ameandika ipi.

Nikaitengeneza skrini upya. Sasa inazungumza Kiswahili. Akikosea inamwambia, "Bado haijafanana, angalia herufi zako," na kuna kitufe cha kuzionyesha kama hakuna mtu karibu. L na r nimeifanya izihesabu kitu kimoja. Hapo nikajiuliza, je, sijalegeza kufuli? Nikapiga hesabu, nikamwambia aongeze maneno mawili kwenye sentensi mpya ili kufidia. Tena asipoigusa kwa muda mfupi, inajifunga yenyewe.

Sista alikwenda Khwisero mwenyewe kuomba msamaha. Alipokelewa mlangoni, hakukaribishwa kiti. Lakini Alhamisi yule mama akaja, amejitanda leso mpaka puani. Hakuketi.

"Funga nione," akasema.

Sista akafunga. Majina yakatoweka, pakabaki kisanduku kitupu.

"Nani anayajua maneno ya kufungua?"

"Mimi peke yangu."

"Na huyu msichana aliyeitengeneza?"

"Hata mimi siyajui, mama," nikasema, na ilikuwa kweli.

Akaniangalia, akamwangalia Sista. "Haya, fungua."

Mimi na yule mama tukageuka, tukatazama ukutani. Tukasikia vitufe vikigongwa taratibu, halafu kimya, halafu Sista akavuta pumzi: "Imekubali!"

Yule mama akateremsha leso, akavuta kiti. "Nipe dawa yangu," akasema.

Mpe Mama mkono wangu, na shemeji, na Bibi umwambie huku ubaridi upo lakini blanketi lake linatosha. Wanao wabusu mmoja mmoja, wasigombane.

Ni mimi mdogo wako anayetamani kukuona,
Rehema