Wanaume Wenye Khanga Kwenye Jalada

Jumamosi, jioni. Upepo wa Dodoma umeingia ndani bila hodi na kumwaga vumbi juu ya wino ambao haujakauka. Nimefuta meza, limerudi, nimeliacha. Nina hasira leo, na nyingi ni dharau tupu.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na matusi sitamaliza.

Kuna Msanii mmoja, kijana wa hapa hapa, aliyekwenda Dar akapata jina. Ana wimbo unaopigwa kila bajaji ya Majengo. Meneja wake akapata wazo kwamba maneno ya wimbo huo yawe kitabu cha picha, kichorwe kama vitabu vya kusomea tulivyorithi kwa kaka zetu: kalamu ya wino, rangi mbili tu, na rangi yenyewe imetoka kidogo nje ya mstari kama mashine ilitikisika. Wakanitafuta mimi.

Nilikubali haraka kuliko ilivyostahili. Miaka yote nimechora mabango ya kunawa mikono ambayo hayana jina la mtu. Hiki kingekuwa kitabu changu cha kwanza chenye jina langu kwenye jalada.

Sasa wimbo wenyewe. Ukiondoa neno "beibi", yanabaki maneno ya kujaza kibao cha kinyozi. Ubeti wa kwanza anamwahidi beibi kumshushia mwezi. Ubeti wa pili anamwomba huyo huyo beibi amtumie vocha. Nimechora mwezi. Nimechora vocha. Nimeloweka karatasi kwenye chai ya rangi zipate uzee, kwa sababu Meneja alisema kitabu kipya kionekane kimechakaa, na nyumba nzima ikanuka tangawizi.

Ubeti wa tatu Msanii anarudi nyumbani na ngoma za kwao zinalia. Hapo nilifurahi, nakiri. Mama yangu ni mpiga ngoma kijijini kwetu. Kwetu Wagogo ngoma hizo ni za wanawake: mama anaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono miwili, na wanaume wana zeze zao. Mama amekuja wiki hii kunitembelea, kaniletea mlenda mkavu na unga wa uwele. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamchora. Ni mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora.

Meneja akajibu kwa ujumbe wa sauti. "Sista, kazi kali, ila hapo kwenye ngoma umechanganya. Wapigaji weka wanaume, akina mama wakate viuno. Sisi tunataka asili."

Asili. Mtu aliyeiona Dodoma kupitia dirisha la basi ananifundisha asili.

Nikamwomba amuulize Msanii mwenyewe. Msanii ambaye Kigogo chake ni salamu ya "mbukwenyi" anayowapigia mashabiki jukwaani, basi. Akajibu kwamba Meneja yuko sahihi. Sijui huyu mtoto ngoma zilipokuwa zinapigwa kwao yeye alikuwa amelala wapi.

Nilimweleza Mama, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Wachore hao wanaume," akasema. "Ila uwafunge khanga kifuani, maana wamekaa kwenye viti vyetu."

Nikawachora. Wanaume wanne wenye ndevu, khanga zimefungwa kwapani, ngoma zimebanwa mapajani. Mgogo yeyote akiwaona angeanguka kwa kicheko. Nikautuma mchoro leo asubuhi, nikasubiri Meneja ashtuke, aulize, aelimike.

Akajibu kabla chai yangu haijapoa. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo asili. Na hayo mavazi ya wazee wa kimila ni moto. Hii tunaiweka jaladani."

Jaladani. Juu ya jina langu.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaenda kumpa Mama habari, nikimwigiza Meneja na sauti yake ya puani. Mama alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo. Safari hii hakucheka.

"Na watoto watakaokisoma," akaniuliza, "nani atawaambia kwamba ulikuwa unatania?"

Akaendelea kuchambua mlenda wake.

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Nilidhani nawacheka wao, kumbe utani wangu wanaupeleka kiwandani. Mtoto wa Kibaigwa atakishika, mtoto wa Mtera atakishika, na kwa kuwa kinaonekana cha zamani ataamini ndivyo ilivyokuwa zamani. Hao wapuuzi wawili hawajui kitu. Mimi ninajua, na jina litakaloandikwa pale ni langu.

Hilo ndilo lililonikera kuliko wimbo wote.

Jioni hii nimemwandikia Meneja, bila salamu ndefu. Nimemwambia wale wanaume wana khanga kwa sababu nilikuwa namcheka, kwamba jalada ni mchoro wa Mama au hakuna jalada langu, na asipotaka atafute mkono mwingine na jina jingine. Nimemrudishia na mchoro wa Mama, safi, bila chai.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu. Pengine yuko na Msanii wanatafuta neno jingine zaidi ya "beibi" la kunijibu.

Mama ananiita nikale. Wakikubali, jina langu litakaa chini ya mikono yake. Wakikataa, Jumatatu narudi kwenye mabango yangu yasiyo na jina. Mikono ya kwenye mabango yale angalau imenawa.