Shavu la Mwanasesere

Jumatano, Likoni

Na bado nasikia kejeli yangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita niliandika gazetini kwamba Daktari Mwanaisha anafanya mchezo wa kitoto, kuwafundisha madaktari wachanga upasuaji wa uzazi kwa tumbo la sponji ya godoro na kanga kuukuu. "Mama zetu si magodoro," niliandika, nikajisifu. Wakubwa wa hospitali wakaogopa, wakayasimamisha mafunzo.

Leo nilikwenda kwake Mtongwe kubishana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaliweka lile tumbo mezani na kunipa kisu cha upasuaji.

"Haya ami, wewe mwenye kalamu kali. Mtoe mtoto."

Nilikata kanga, nikakata sponji kwa hamaki. Maji mekundu, rangi ya mabuyu, yakanirukia shati. Nikamvuta mwanasesere nje huku nacheka. Shavu lake lilikuwa limechanika toka jicho hadi kidevu.

Daktari hakucheka. "Wa kwanza kila mtu humkata, ami. Ndiyo maana huyu ni wa plastiki."

"Na sasa wanafunzi wako watamkata nani?"

Nilimuuliza hivyo, na kabla sijamaliza nikalijua jibu.

Sijawahi kulifuta neno langu hata moja gazetini. Barua ya kuomba radhi nimeimaliza, na ni fupi. Lakini safu yangu hutoka Jumapili, na leo ni Jumatano. Uchungu wa mwanamke hausubiri Jumapili.