Sarafu ya Uhuru kwa Mama Mkwe

Tabora, Alhamisi 10 Desemba 1981

Mjinga mimi. Tena mwalimu wa historia!

Sarafu ya fedha ya miaka ishirini ya Uhuru, niliyozawadiwa jana mbele ya uwanja mzima, leo nimempelekea mama mkwe aione. Aione tu! Nikampa kwa mikono miwili, kichwa chini, mkwe mwenye adabu. Kisha nikamhutubia: misafara ya pembe, Wajerumani, Waingereza, Uhuru, Azimio. Nikamaliza kwa kishindo kwamba sarafu hii si ya mtu mmoja, ni jasho letu sote.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Sonara ataitoboa niivae shingoni. Bibi yangu alivaa riyali za misafara vivyo hivyo."

Mama mkwe hadaiwi alichopewa kwa mikono miwili. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Na Jumamosi natakiwa kuionyesha kwenye mkutano wa tawi la chama. Nitawaambia nini?

Nimembembeleza mke wangu akaniombee kwa mama yake. Amecheka mpaka akakaa chini.

"Si umesema ni yetu sote? Basi zamu yako imekwisha."